Hesabu Mvua, Usihesabu Miaka

Ruring'u, Nyeri
14 Aprili 1980

Wewe Wacera,

Uko na miguu au uliiacha huko? Tangu upande ndege nimeona mvua sita, na moja juu yake (jumla yake siitaji, unajua nambari hiyo haina heri), na mlango wangu haujakusikia ukibisha. Ningekuwa mtu wa kununa ningenuna. Lakini kununa kunataka nafasi, na mimi niko na maharagwe ya kuchambua.

Kabla sijakuchapa, pokea salamu. Mimi ni mzima. Baba yako Theuri ni mzima, bado anafundisha, bado anakohoa akitaka watu wajue yuko na kazi. Shangazi yako Murugi amejifungua tena, msichana, mweusi ti kama mimi. Watoto wake sasa ni wengi. Sitasema wangapi, maana watoto na mbuzi hawahesabiwi. Mvua ya njahi, hii kubwa, imeanza vizuri. Kibuyu changu cha uji, kile cha mama yangu, kilivunjika. Usiniulize kilivunjikaje.

Anayeandika hapa ni Mbula, mke wa Philemon polisi. Wamepanga chumba nyuma ya nyumba ya baba yako. Ni Mkamba, na Kikuyu chake ni cha kununulia viazi tu, ndiyo maana leo unanisikia kwa Kiswahili nilichookota sokoni. Zamani baba yako ndiye alikuwa akiniandikia, lakini yule anapunguza. Namwambia andika "mjinga wewe", yeye anaandika "mpendwa". Mbula hapunguzi. Mbula, andika hata hiyo.

Habari nyingine: sasa hata wanawake tunapewa kitambulisho. Nilipelekwa mbele ya karani mmoja kijana, Ogutu, mrefu kama mlingoti. Akaniuliza, "Nyanya, una miaka mingapi?" Nikamjibu, mia moja arobaini na minane. Alisimama. Akawaita wenzake waje waone. Nilicheka mpaka meza ikatikisika, kisha nikamweleza, naye akaona haya akaandika inavyotakiwa. Nilimweleza nini? Hiyo nitakwambia ukija.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa pili ulikuwa Naro Moru. Usikatae. Gatimu wa Endarasha, aliyewabebea mizigo, alimwambia mama yake, mama yake akamwambia mwuza kabichi, na kabichi ikanifikia mimi kwangu Wamagana. Ati siku kumi na nane ulikuwa juu ya Mlima Kenya na Wazungu wanne, mnatoboa barafu na kuitia kwenye masanduku kama samaki. Siku kumi na nane! Ukiwa huko juu unauona moshi wa jiko langu. Ukashuka, ukapanda lori, ukaenda zako.

Baba yako hukuita mama, kwa sababu jina alilokupa ni langu mimi mama yake. Mimi Wacera, wewe Wacera. Mtu mmoja, ngozi mbili. Sasa niambie, mtu anawezaje kujipita mwenyewe njiani bila kujisalimia?

Jibu hilo kwanza. Halafu uniambie barafu ni ya nini.

Ni mimi,
Wacera wa Kwanza


Kopenhagen
6 Juni 1980

Cucu, nyanya yangu mpendwa (na hapa si Baba aliyeandika "mpendwa", ni mimi mwenyewe),

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za posta. Nilicheka hadi mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa. Mimi ni mzima. Huku sasa ni kiangazi chao, jua linakataa kulala. Mpe Shangazi Murugi pongezi, na umbusu mtoto. Mshukuru Mbula. Mbula, dada yangu, usipunguze.

Nimekosa, Cucu. Sikupita. Barafu tuliyoitoa ilikuwa kwenye masanduku ya maranda ya mbao, na ilibidi ifike Nairobi kwenye chumba cha kugandishia nyama kabla haijayeyuka. Dereva hakusimama hata kunywa chai. Ndivyo ilivyokuwa.

Umeuliza barafu ni ya nini. Sikiliza. Theluji ya juu ya Mlima huanguka, nyingine ikaanguka juu yake, ile ya chini ikashindiliwa mpaka ikawa barafu. Vumbi likipeperushwa na upepo, linabaki humo kama mstari. Hata hewa hunaswa, vipovu vidogo vidogo, hewa ya siku zile zile. Sisi tuko na bomba lenye meno mdomoni. Tunalizungusha linashuka, kisha tunavuta juu kipande kirefu cha barafu, mfano wa muwa. Juu ya muwa huo ni jana. Chini ni zamani sana. Tukiipima barafu tunajua mwaka gani ulikuwa wa joto, mwaka gani wa baridi, mwaka gani wa ukame. Profesa wangu ametoboa Grinlandi, huko kaskazini ambako nchi nzima ni barafu, akasoma hali ya hewa ya kabla ya Kristo.

Lakini lazima kwanza tujue kila mstari ni wa mwaka gani. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa: barafu ya Mlima wetu ni yangu kuihesabu. Nikiipa miaka yake sawasawa, napata shahada yangu na kurudi nyumbani mwaka ujao. Nikishindwa, Profesa ataiacha barafu ya kwetu na kunipeleka Grinlandi nianze upya. Miaka miwili mingine, Cucu.

Nina maswali mawili. Kwa nini barua yako imetoka Ruring'u na si Wamagana? Wewe hujawahi kulala kwa Baba siku mbili bila kugombana na sufuria zake. Na kibuyu kilivunjikaje?

Wako,
Wacera wa Pili


Ruring'u, Nyeri
20 Julai 1980

Wacera wa Pili,

Salamu. Sisi sote tuko. Gathano imetukalia, baridi na ukungu hadi saa sita, mbuzi wanatetemeka. Viazi vya Endarasha vimekuwa vingi mpaka vinapewa ng'ombe. Mtoto wa Murugi ameota jino na tayari analitumia vibaya.

Niko Ruring'u kwa sababu kuna stima na redio. Basi. Mtu mzee hana ruhusa ya kusikiliza redio? Sufuria za baba yako bado ni chafu chini, na nimemwambia. Kuhusu kibuyu, nilisema usiulize.

Hiyo barafu nimeielewa mara moja, wala hukuhitaji muwa. Ni pembe ya ng'ombe. Ng'ombe akizaa, pembe yake inapata pete. Akizaa tena, pete nyingine. Mimi nikienda mnadani siangalii meno, naangalia pembe: moja, mbili, tatu, nne, huyu mama amechoka, mrudishe kwake. Lakini chunga! Kuna mzee mmoja pale Endarasha, simtaji, anapiga pembe msasa usiku kucha ili ng'ombe bibi aonekane msichana. Babu yako aliuziwa mmoja. Tulimkamua wiki tatu akatoa maziwa ya kutosha paka. Kwa hiyo, kabla hujahesabu pete, uliza kwanza: ni nini kinachotia pete? Na kuna mtu aliyepiga msasa?

Hilo ni la pembe. Sasa ni la mdomo wako. Unasema hukupita kwa sababu ya maranda na nyama na dereva. Nimekulea, Wacera. Ulipokuwa mdogo ulikula sukari yote ya mkebe ukaniambia mkebe ulikuwa na tundu. Sauti ni ile ile. Mbula aliposoma mahali pale nilimwambia, rudia, na aliporudia nikasikia tundu la mkebe.

Sikulazimishi. Nitangoja. Mimi ni hodari wa kungoja, siku hizi sina kingine cha kufanya.

Kula. Mbula anasema huko wanakula samaki mbichi. Usikubali.

Wacera wa Kwanza


Kopenhagen
27 Septemba 1980

Cucu,

Nimekawia, nisamehe. Miezi miwili nimekuwa nikifungiwa kwenye chumba cha baridi kuliko jokofu, makoti matatu, taa moja, nikihesabu mistari. Mafua yamenipata yakaniacha yakarudi. Asante kwa pembe ya ng'ombe. Nilimwambia Profesa, akaiandika kwenye kitabu chake.

Nianze na mkebe wa sukari. Ni kweli. Dereva angesimama kama ningemwomba. Niliogopa, Cucu. Kila asubuhi ya utoto wangu nilikuona ukitoka nje, unatema mate ya baraka kifuani, unainua mikono kuelekea Mlima na kusema na Mungu kabla hujasema na mtu yeyote. Na mimi nimepanda huko na bomba lenye meno. Nilijua ukiniuliza "mnatoboa wapi?" nitakujibu, na ukisema "msitoboe" sitakuwa na nguvu ya kuendelea. Nikaona ni heri nisiulizwe. Hilo ndilo tundu.

Sasa adhabu imekuja yenyewe. Nimehesabu mistari ya vumbi kutoka juu hadi chini. Ni mia moja thelathini na miwili. Kwa hiyo nilisema barafu hii ni ya miaka mia moja thelathini na miwili. Profesa ametikisa kichwa. Anasema kwa theluji inayoanguka pale kila mwaka, kipande kifupi hivi hakiwezi kuwa cha kale hivyo. Anadhani jua letu limeyeyusha juu, maji yakashuka yakaharibu mistari. Yaani mtu amepiga pembe msasa.

Limebaki jaribio moja. Karibu na mwaka wa Uhuru, mataifa makubwa yalikuwa yakilipua mabomu ya nyuklia hewani kuyajaribu, na vumbi lake lenye sumu likazunguka dunia nzima. Liko kwenye kila barafu, na mashine inaweza kulipata. Kwa hesabu yangu, Uhuru uko kwenye mstari wa kumi na saba kutoka juu. Katikati ya Desemba watapima. Alama ikiwa hapo, nimepona. Isipokuwa hapo, Grinlandi.

Nisaidie na jambo moja. Mistari yangu inakuja kwa zamu: mmoja mweusi kama masizi, unaofuata wa rangi ya udongo, tena mweusi, tena udongo. Sijui kwa nini. Na mstari wa kumi na moja ni mnene kuliko yote. Kwa hesabu yangu huo ni mwaka wa 1969. Kulikuwa na ukame mkubwa kwetu mwaka huo? Nilikuwa mtoto, sikumbuki.

Naogopa, Cucu. Nimechoka kuwa mbali.

Wacera wa Pili


Ruring'u, Nyeri
30 Oktoba 1980

Wacera, mtoto wa mtoto wangu, mjinga wewe!

Mbula, andika kwa herufi kubwa. MJINGA. Sasa salamu: sisi ni wazima, mvua ya mwere, ile fupi, imeshuka juzi, paa la baba yako linavuja juu ya kiti chake tu, Mungu ni mwenye haki.

Nianze na Mungu huyo huyo. Ati uliogopa kwa sababu ya kutoboa. Mungu si mzee wa chumba kimoja, ati ukitoboa paa anyeshewe! Alikuwako kabla ya Mlima, na barafu ikiisha yote atakuwako. Mimi huinua mikono kuelekea huko kwa sababu ni mahali pazuri pa kuangalia asubuhi. Ungekuja ukaniuliza, ningekwambia: toboa, lakini salimu kwanza, ukitoka shukuru, na usiache takataka. Mliacha takataka? Utanijibu.

Sasa hesabu. Unakumbuka Ogutu karani? Umefanya kosa la Ogutu! Nilimwambia mia moja arobaini na minane, akafikiri ni miaka. Miaka ya nani? Mimi nimehesabu miaka lini? Mimi nahesabu mvua. Huku kwetu Mungu hunyesha mara mbili: mvua ya njahi tukapanda tukavuna, mvua ya mwere tukapanda tukavuna, ndipo mwaka wenu mmoja unaisha. Na kila baada ya mvua kuna ukavu, na kila ukavu uko na vumbi lake. Mara mbili, Wacera! Huko Grinlandi kuna baridi moja na joto moja, maskini wa watu, pete moja kwa mwaka. Umekuja na kipimo cha huko kupimia ng'ombe wa huku. Ng'ombe wetu huzaa mara mbili.

Ati hujui kwa nini mmoja ni mweusi? Umesahau kwenu kiasi hicho? Mwezi wa kwanza na wa pili watu wanachoma mashamba, vichaka vya Kieni chini ya Mlima vinawaka, upepo unapandisha majivu. Huo ndio mweusi. Gathano nani anachoma? Kila kitu kimelowa ukungu huku chini. Vumbi linatoka mbali, kwenye nchi kavu. Huo ndio wa udongo. Mweusi na udongo ni mume na mke. Ni mwaka mmoja, usiwatenganishe.

Sasa ule mnene. Mwaka ambao Mbula anauita 1969, mahindi yalijaa ghala tukalala nayo kitandani. Hakuna ukame hapo. Nilimwambia Mbula alete ungo. Nikaweka punje ya njahi, yale maharagwe meusi, kwa kila mvua kubwa, punje ya mahindi kwa kila mvua ya mwere, kutoka mvua iliyofuata kutoboa kwenu kurudi nyuma, na kila punje niliiita kwa jina lake: hii ni ya kitambulisho, hii ni ya kufa kwa yule fahali mkali, hii ni ya daraja kubebwa. Mbula alikuwa akihesabu mapengo yaliyo katikati kwa kalamu. Tulipofika pengo la kumi na moja nilishika punje ya mahindi nikakosa pa kuiweka. Ilikuwa mvua ya mwere ya mwaka Murugi alipozaa pacha. Haikunyesha. Hata tone. Ng'ombe walikula nyasi za paa. Gathano ikaungana na kiangazi, vumbi juu ya vumbi, pete mbili zikawa moja nene. Mwulize Murugi, maziwa yalimkauka, pacha walilelewa kwa uji wangu.

Tukaendelea mpaka Uhuru. Hiyo siwezi kuikosea, maana nilinyeshewa usiku mzima nikicheza, na asubuhi sauti ilikuwa imekwisha wiki nzima. Babu yako alisema ndiyo wiki nzuri kuliko zote alizoishi nami. Mbula akahesabu mapengo mara tatu. Thelathini na matatu.

Mwambie Profesa aache mstari wa kumi na saba. Ashuke hadi wa thelathini na tatu. Asipokuta kitu hapo, mimi nitakuja Grinlandi nikae na wewe, nitafundishwa kula samaki.

Peleka barua hii haraka, Mbula. Usisimame kuongea na mtu.

Wacera wa Kwanza


(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada Wacera,

Cucu hajui kwamba naandika haya. Ananiamini kwa sababu sipunguzi, lakini naona kunyamaza pia ni kupunguza.

Cucu yuko Ruring'u kwa sababu alivunjika mguu. Sasa anatembea kwa mkongojo na daktari amefurahi, usiogope. Ilikuwa mwezi wa pili, siku mliyoshuka mlimani. Aliposikia uko Naro Moru alijaza kibuyu uji, akapanda lori la kabichi. Aliposhuka kwenye njia ya mlima akaona lori lenu linakuja. Alilijua kwa masanduku. Akasimama kando, akakipunga kile kibuyu juu kwa mikono miwili. Lori likapita. Vumbi likamfunika, akarudi nyuma, akaingia mtaroni. Mguu na kibuyu vikavunjika pamoja.

Alikataza mtu yeyote asikwambie. Alisema, "Akijua atakuja kwa kulia. Nataka aje kwa kutaka."

Mbula


Kopenhagen
11 Januari 1981

Cucu,

Heri ya mwaka mpya, au tuseme heri ya mvua ijayo. Mbula, soma yote, na mahali pagumu usiruke.

Thelathini na tatu!

Barua yako ilifika siku tisa kabla ya kupima. Nilirudi kwenye chumba cha baridi nikaanza upya, mweusi na udongo, mume na mke. Nikaenda kwa Profesa nikamwambia tupime wa kumi na saba kama tulivyopanga, lakini tupime na wa thelathini na tatu. Wa kumi na saba haukuwa na kitu. Kwenye wa thelathini na tatu mashine ililia kama nyuki. Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua. Akaniuliza nimepata wapi hesabu hiyo. Nikamwambia kuna mtaalamu wetu kule Wamagana. Akauliza amesomea wapi. Nikasema, kwenye ungo.

Barafu yetu si ya miaka mia moja thelathini na miwili, ni ya karibu sabini. Umri wako, Cucu. Umeipita kidogo tu. Profesa amekubali. Nitaandika kitabu changu, nitakitetea mwezi wa sita, na mwezi wa saba narudi nyumbani kabisa. Hakuna Grinlandi. Na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza, ingawa watafikiri nimejishukuru mwenyewe.

Takataka tulishuka nazo zote. Gatimu alihakikisha.

Sasa lile jingine. Nimejua kuhusu mguu. Usimgombeze aliyeniambia. Sikulii, nimeshalia, imetosha. Lakini lazima nikwambie kitu ambacho Mbula hakijui wala wewe hukijui.

Siku ile nilikuwa nyuma ya lori, nimekalia masanduku yasiruke. Turubai lilikuwa wazi. Tulipofika njia ya chini nilimwona mtu kando ya barabara, ndani ya vumbi, anapunga kitu cha mviringo juu ya kichwa. Sura sikuiona. Nikasema moyoni, watu wa Naro Moru ni wakarimu, wanaaga hata wasiowajua.

Nikapunga pia, Cucu. Mikono yote miwili. Nilipunga mpaka kona.

Ni wewe,
Wacera wa Pili


Wamagana
16 Februari 1981

Wewe mtoto,

Uone mahali barua inatoka. Nilirudi kwangu kabla mvua ya mwere haijaisha. Nilimwacha baba yako na sufuria zake na redio yake. Mguu unaniambia mvua inakuja siku mbili kabla ya redio, kwa hiyo sijapoteza kitu. Murugi ananitekea maji na kuniudhi. Mbula amekuja leo kwa gari la maziwa ili aandike, na mtoto wa Murugi ameshamng'ata.

Huyo Mbula! Aliposoma "Thelathini na tatu" nilipiga kigelegele mpaka jirani Wamucii akaja kuuliza nani ameoa. Halafu akafika pale pa mguu, akaanza kuikunja barua. Nikasema, endelea. Akasema, mwandiko haueleweki. Nikasema, Mbula, mwandiko wa Wacera unaeleweka hata na mimi nisiyesoma. Alisoma akiwa ameshika mlango, tayari kukimbia. Sikumgombeza. Nilimpa kuku. Lakini ni kuku asiyetaga, ili ajue kuna kosa kidogo.

Pale mwisho nilimfanya asome mara nne.

Ati ulipunga.

Mwaka mzima nimelala na mguu huu juu ya mto nikisema, nilimwita mtoto hakuitika. Daktari aliona ni mfupa unauma. Na kumbe uliitika! Mikono miwili, mpaka kona. Basi tulisalimiana, Wacera. Ilikuwa salamu yenye vumbi, lakini ni salamu. Niliuliza mtu anawezaje kujipita mwenyewe njiani. Hakujipita. Kesi imekwisha, sina neno juu yako tena, ila mafua; vaa kofia.

Na lile vumbi la lori lenu, nasikia kila vumbi hupanda Mlimani likalala kwenye barafu. Siku moja mjukuu wa mtu atatoboa, atakuta kamstari kembamba kasikoeleweka, atakonda kukahesabu. Wewe uache maandishi mahali: huyo ni Cucu yangu na kabichi zake.

Sasa sikiliza vizuri ya kuja kwako. Mvua ya njahi haijaanza. Ikinyesha, ikiisha, tukivuna, uwe umefika. Usingoje ya mwere. Usipitie Ruring'u, baba yako atakuweka kwenye kiti akuonyeshe kwa walimu wenzake. Shukia Wamagana, tembea kwa miguu, nisikie hatua kabla sijaona sura. Usiniletee barafu wala nguo za Wazungu. Nilipanda mbegu za kibuyu kwenye ua wakati wa mvua iliyopita. Sasa kimetambaa mpaka juu ya zizi, na kimoja kimetoka kikubwa, shingo yake imekaa vizuri kushikwa. Nimemkataza kila mtu asikiguse. Kufikia mwezi wa saba kitakuwa kimekauka. Utakikata wewe, na mdomo wake utautoboa wewe, kwa sababu siku hizi kutoboa ndiyo kazi yako. Halafu utakijaza uji, utanipa mimi kwanza.

Wacera wa Kwanza